Magari Kumi na Moja

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na mimi nilikuwa na robo tangi ya esansi, yaani petroli. Hapa Bujumbura, siku zile za uhaba, robo tangi ilikuwa mali. Niliitunza kwa safari moja tu: kumpeleka hospitali kutoka kwetu Kibenga siku yake ikifika. Shuleni ninakofundisha nilikuwa nakwenda kwa miguu.

Halafu ukaja ujumbe kwenye simu: kamioni ya mafuta imefika kwenye sitasyo moja ya kuuzia petroli mjini. Mke wangu akanishika mkono.

"Papa, acha. Hiyo robo inatosha. Mungu yupo."

"Mungu hauzi esansi," nikamjibu, nikawasha gari.

Kamioni? Uongo mtupu! Nikaambiwa iko sitasyo nyingine, nikakimbilia huko. Huko nako wakanielekeza kwingine. Nilizunguka mji mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka gari likazimika mtaa wa Nyakabiga, mkiani mwa foleni ya sitasyo. Robo tangi yote nilikuwa nimeichoma nikitafuta esansi. Mtu mzima, tena mwalimu wa hesabu!

Basi nikakaa foleni. Jioni tuliacha magari pale pale, tukarudi nyumbani kwa miguu, asubuhi tukaja tena. Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja fundi magari, Mwislamu, mtu wa mjini tangu kuzaliwa. Adhuhuri ikifika alitandika mkeka wake kando ya gari langu, akaswali taratibu, kama vile dunia haina shida. Ilinikera, sitaficha.

"Mzee, na foleni ikisogea?"

"Utanisukumia, mwalimu."

"Mi si punda wako!"

Akacheka tu.

Siku ya tatu, mchana, simu ikalia. Jirani yetu alikuwa anapiga kelele: "Kuja mbio! Chupa imepasuka! Taksi hakuna, basi hakuna!"

Nikalalia usukani, na mimi ambaye kanisani naimba kwaya, sikukumbuka hata mstari mmoja wa sala. Nilisema tu kwa sauti, machozi yananitoka: "Mungu wangu, nimeharibu mwenyewe. Nisaidie hivyo hivyo."

Fundi alikuwa ndiyo kwanza anatoa salamu ya kumaliza swala kwenye mkeka wake. Akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Alichukua mpira na chupa tupu ya maji, akaenda kwenye tangi lake mwenyewe, akavuta kwa mdomo, akatema, na esansi kiasi cha vidole viwili ikashuka chupani. Kisha akagonga kioo cha gari la pili.

"Mutoto anakuja. Toa kidogo."

Mama mmoja mwenye pikapu akauliza, "Wa nani?"

"Wa mwalimu ule mwenye hasira."

Akacheka, akafungua tangi. Hakuna aliyesema apana. Magari kumi na moja! Chupa ilipojaa, fundi akaimimina kwenye tangi langu, na wanaume wakaliinua gari langu kwa nyuma, wakalichomoa kwenye foleni. "Enda! Enda, we!"

Nilimkuta mke wangu amesimama getini, amelishika kwa mikono miwili. Nikampandisha garini. Tulifika hospitali, na gari likazimika pale pale mlangoni. Kabla jua halijazama nikasikia kilio. Msichana, mdogo hivi, lakini sauti ya kwaya nzima!

Mke wangu, hoi kitandani, akanitazama. "Na yule asiyeuza esansi?"

"Kweli hauzi," nikasema. "Amenichangishia."

Kesho yake nikatembea mpaka Nyakabiga kuwapa habari. Mahali pangu walikuwa wamepawekea jiwe, hakuna aliyepachukua. Na kamioni ilikuwa imefika, safari hii ya kweli. Lakini foleni haikusogea. Madereva walikuwa wanawasha, magari yanakohoa, yananyamaza. Ndipo nikaelewa. Ile waliyonipa ndiyo waliyokuwa wamebakiza ya kufikia pampu, na hakuna aliyeniambia.

Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati. "Msichana!" nikapiga kelele. "Wote wazima! Haya, nani wa kwanza?"

Nilisukuma moja baada ya jingine. Zamu ya fundi ilipofika, alitoa kichwa dirishani. "Kumbe punda amepatikana!"

"Yupo, mzee! Tena ni baba wa mutoto!"

"Alhamdulillahi," akasema, akabonyeza honi. Wa mbele wakaitikia kwa honi zao, na yule mama wa pikapu akapiga vigelegele. Gari la kumi na moja lilipofika kwenye pampu, shati lilikuwa limelowa, nami nacheka, nalia, nasema mbele ya watu wote, bila aibu: Imana ishimwe! Mungu asifiwe!