Kengele Ipite Bila Kusimama

Saa mbili na nusu asubuhi, msumeno wa Spoki unatafuna chuma taratibu. Anakata mkono wa pedeli ya baiskeli isiyo na kasoro. Mpita njia anashindwa kunyamaza.

"Fundi, baiskeli imekukosea nini?"

"Naifupisha. Pita kabla sijakugeukia."

Wembamba wake ndio uliompa jina la Spoki, waya wa gurudumu. Kwa miaka sita, katika kibanda chenye upana wa mlango mmoja, amekuwa akirekebisha baiskeli za watoto waliozaliwa na kimo kifupi. Ametengeneza kumi na tisa. Hii ya ishirini inamnyima raha, maana ameshaikosea mara moja.

Mwenye baiskeli hii ni binti wa miaka kumi na mmoja. Jumatatu anaanza shule mpya, mwendo wa saa nzima. Magoti yanamuuma. Mama yake alikuwa akimbeba, ila mgongo wa mama nao umegoma.

"Nilimpima kwa macho, kama fundi cherehani mvivu," anasema Spoki. "Nikampa baiskeli ya mtoto wa miaka minne. Ina picha za vibata vya njano."

Binti aliipanda, kifua kikabanwa na usukani. Akashuka. "Shikamoo, fundi. Hii mpe mdogo wangu."

"Ile shikamoo ilinichoma kuliko moto wa kuchomelea."

Kumbe kiwiliwili chake ni cha umri wake; mikono na miguu ndiyo mifupi. Safari hii Spoki amempima kwa futi. Magurudumu yamebaki makubwa. Mikono ya pedeli imeshuka kutoka sentimita kumi na saba hadi kumi, usukani umevutwa nyuma, na breki imesogezwa hadi vidole vimeifikia.

Mchana wanaijaribu kwenye mteremko. Mama anasimama chini, mikono kifuani. Binti anashuka kasi, kasi zaidi, kisha breki inalia. Tairi limesimama hatua moja kutoka kwenye kanga ya mama.

"Mama, mbona umefumba macho?"

"Vumbi, mwanangu."

Spoki anageuka kutafuta spana ambayo iko mkononi mwake.

Ile ya vibata ameitundika juu ya meza yake ya kazi. "Inisute kila nikitaka kupima kwa macho."

"Jumatatu nikupitie, fundi?" anauliza binti.

"Usisimame. Ukisimama kwangu, kuna kilichoharibika. Piga kengele tu."

Jumatatu atafungua saa kumi na mbili asubuhi. Saa hizo hana mteja. Atakaa kwenye kigoda chake, asikilize.