Madoa Manne Kila Karatasi

Shangazi yangu mtaani wanamwita Masizi, na ukimkuta kazini huulizi kwa nini. Hujaza unga wa wino kwenye katriji za printa, kwenye kichumba chenye meza moja na printa kuukuu ya majaribio. Zamani alikuwa mpiga chapa. Ofisi ilipofungwa, akajifundisha ufundi huu kwa kuvunja katriji mbovu moja baada ya nyingine. Mikono huinawa kwa maji baridi tu. Anasema ya moto huuyeyusha unga ukang'ang'ania ngozi kama deni. Mimi nilidhani ananitania, mpaka nilipoharibu sketi yangu ya shule kwa maji ya moto.

Jumatano, nimepita kwake saa ya mapumziko, karani wa shule yetu aliingia anahema, katriji kwapani, karatasi mkononi.

"Masizi, umeniua! Unga wako feki!"

Akatandaza mtihani mezani. Madoa meusi manne yameshuka pembeni kwa mstari, na kila moja limetua kando ya herufi ya jibu, utadhani mwalimu kawawekea watoto alama ya kuchagua. Niliziba mdomo. Mtihani wenyewe ulikuwa saa nane mchana!

"Mkuu kasema hili lisipopona, kazi zote anampa fundi mwingine."

 Bila shule yetu, kile kichumba kinafungwa.

Shangazi aliivuta karatasi karibu. Alichukua futi ya fundi cherehani, akapima kutoka doa hadi doa.

"Sentimita saba na nusu. Saba na nusu. Tena saba na nusu. Unga hauna mpangilio hivi, dada. Hii ni dramu, kila ikizunguka mara moja inapiga doa."

Nilibaki kumtumbulia macho. Ugonjwa kaujua kwa futi, hajafungua hata skrubu!

Alipoifungua, akaitoa dramu, lile bomba la kijani linalobeba unga hadi kwenye karatasi. Akaigeuza polepole. Palikuwa na mkwaruzo, mwembamba kama unywele.

Karani angejuaje? Shangazi angesema imechakaa, yakaisha. Badala yake aliutazama mkono wake wa kushoto, akasema, "Ni mimi. Nimeikwaruza kwa pete wakati najaza. Fundi wa katriji havai pete, na mimi nimevaa."

"Pete?" Nilipiga kelele. "Pete gani? Shangazi, umeposwa?!"

"Jumapili."

"Baba anajua?"

"Wote wanajua. Tumekuficha wewe tu, mdomo wako redio."

Sikujua nishangae lipi kwanza: posa, au mtu mzima kujishtaki mbele ya mteja aliyekuja kumnyima kazi. Yeye alishavua pete na kufunga dramu mpya, bure. Akatoa karatasi ya kwanza kwenye printa yake. Safi. Ya pili, safi. Ya kumi, karani bado anaziinua dirishani kutafuta doa.

Mwishowe akaikumbatia katriji yake.

"Mkuu nitamwambia imepona. Na ya ofisini kwake naileta kesho, inatoa mistari. Ila bibi harusi, nikukute na vidole vitupu."

Wakacheka hadi Shangazi akajifuta machozi na pua, akabaki na masharubu meusi. Mimi nilikuwa bado nimesimama palepale, mdomo wazi.

"Na wewe funga mdomo," akaniambia, "unga utaingia."