Msitu Nisioutaja Jina

Niliifunga safari ya Uingereza kwa ajili ya maua. Kwetu Ansab, mtaa wa Muscat, kila kilicho kijani kina mpira wake wa maji. Usahau kidogo tu, asumini imekauka. Mwanangu Aziza, muuguzi huko, kila majira ya machipuo alikuwa akinipigia simu: "Mama, njoo uone msitu mzima umechanua na hakuna aliyeumwagilia." Mwaka huu nikakata tiketi.

Asubuhi niliporuka kutoka Muscat, joto lilikuwa limeshaanza kuuma. London nilipokewa na manyunyu, na Aziza kashika kabuti mkononi. Tulipoacha barabara kubwa nikawa sina utulivu. Kingo za mitaro zimejaa maua ya manjano mepesi, kondoo wamesimama na watoto wao, vichaka vya miba vimevaa weupe. Kila mara nasema, "Simama hapa!" mpaka Aziza akacheka: "Mama, hatutofika leo."

Kesho yake alitupeleka msituni jirani yake Aziza, Bi Ruth, mwalimu mstaafu anayeutunza msitu ule pamoja na wenzake wa kijijini. Aliniazima viatu vya mpira. Mlangoni mwa msitu ilitupokea harufu ya kitunguu thomu, nikadhani mtu anapika. Kumbe ni majani ya mwituni. Halafu tukapinda. Chini ya miti, mpaka macho yanapoishia, maua ya buluu kama vikengele, yameinamisha vichwa.

"Subhanallah," nikasema.

"Tunapita njiani tu," Bi Ruth akanambia, Aziza akinifasiria. "Majani yake yakikanyagwa, kitunguu chake chini ya ardhi kinakosa chakula. Huchukua miaka kupona."

Mbele kidogo tukasikia vicheko. Wasichana wawili wamevaa magauni marefu. Mmoja kalala katikati ya maua, mwenziwe kachuchumaa na simu. Nyuma yao pamelala mchirizi wa maua yaliyopondeka. Bi Ruth akawaomba kwa upole watoke. Aliyelala hata hakuinuka. Akamwambia mwenziwe, kwa Kiswahili cha Unguja kabisa, kama tunavyosema kwetu Muscat:

"Yalla, piga tu. Kizee hichi kinapiga kelele kwa ajili ya majani."

Wallahi, damu ilinipanda kichwani.

"Hicho kizee kina jina," nikamwambia. "Anaitwa Bi Ruth."

Simu nusura imponyoke yule mwenziwe. Aliyelala akakaa kitako, uso umembadilika.

"Shikamoo, bibi. Hatukujua kama…"

"Kama nini? Kama kuna anayekufahamuni? Shikamoo yako ibakishe. Toka kwanza kwenye maua!"

Mmoja alirudi polepole kwa mchirizi waliojia. Mwengine, aliyelala, alikata njia akirukaruka, akaponda mengine mapya. Kisha ananambia kwao ni Qurum, hapo hapo Muscat, na bustani yao kubwa.

"Na huko nako wageni hulala juu ya asumini zenu?"

Wakaenda zao kwenye gari.

Bi Ruth alikuwa kashapiga magoti, anayainua majani moja moja. "Si kitu," alisema, "watu wengi hawajui." Ule upole wake ndio ulionikera zaidi. Waliambiwa! Walijua, wakalala. Na lugha ya mama yangu, niliyolelewa nayo, imetumika kumtukania mwenyeji wangu mbele yangu.

Wiki ya pili nikarudi kwetu Muscat. Siku moja huko Sib, tukinywa kahawa nyumbani kwa binamu yangu, simu ikazungushwa mkono kwa mkono: "Tazameni, kama peponi!" Nikaipokea. Msichana yule yule, kafumba macho, maua yamemzunguka. Mchirizi umekatwa pichani, hauonekani.

"Wewe si umetoka huko? Ni wapi hapa? Mwakani twende sote!"

"Napajua," nikasema, "wala sipataji."

"Ee! Mbona una choyo?"

Nilichojifunza ni kuwa kuna uzuri ambao ukiusifia hovyo umeshauuza. Nikaweka kikombe chini.

"Ndiyo, nna choyo. Anayetaka kuyaona nitampeleka mwenyewe. Simu itakaa mkobani, na miguu itakaa njiani."

Mpaka leo hakuna aliyeniomba nimpeleke.