Ng'ombe Huyu ni wa Nani?

Mke wangu Magreth ni mhimilishaji wa ng'ombe. Kwa asiyeijua kazi hiyo niseme wazi: hapa kwetu mlimani, juu ya mji mdogo wa Kwa Sadala, ng'ombe hawaendi malishoni. Wanakaa bandani wanaletewa majani, na dume la kuzunguka kijijini halipo tena. Ng'ombe akiwa kwenye joto, anapigiwa simu mke wangu. Anakuja na pikipiki, mtungi wa mbegu zilizogandishwa umefungwa nyuma, anavaa glavu ndefu inayofika begani, na baada ya dakika kumi kazi imekwisha. Ameifanya miaka ishirini na mbili. Mwanzoni wazee walikuwa wanageuza uso pembeni, eti mwanamke gani huyu. Siku hizi wazee hao hao ndio wanaogombania nani aanze kuhudumiwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha nusu ya kijiji hiki kusoma, na bado hakuna anayeniamini kama wanavyomwamini yeye. Akisema mtamba huyu ana mimba, basi ana mimba. Akisema dume hili ndilo baba wa ng'ombe wako, usimrudie, hawamrudii. Hana shamba kubwa wala cheo. Kuaminiwa ndiyo mali yake, na nataka kusimulia jinsi alivyokaribia kuipoteza, na jinsi mimi, mume wake wa ndoa ya kanisani, nilivyochangia.

Zamani kumbukumbu zake zote zilikuwa kwenye madaftari makubwa. Alipanga kwa mabanda: banda la fulani, ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja, kapandishwa tarehe fulani kwa mbegu ya dume fulani. Pembeni mwa ukurasa aliandika vijineno vyake kwa penseli, ambavyo mtu mwingine asingevielewa.

Miaka minne iliyopita ushirika wetu wa maziwa ukaleta mambo mapya. Alikuja binti mmoja wa Pasua, Moshi mjini, anaitwa Rukaiya, kutoka kampuni iliyopewa kazi hiyo, akawafundisha wahimilishaji kuandika kila kitu kwenye simu. Kila ng'ombe akavalishwa hereni yenye namba. Nami, kwa kuwa sina kazi nyingine zaidi ya kudadisi, nikamuuliza hiyo wanayoiita huduma ya wingu ni kitu gani hasa.

"Shikamoo kwanza, mwalimu," akasema. "Ni kabati tu. Daftari la mama linakaa kwenye kompyuta kubwa, mbali huko. Simu ikitumbukia mtoni, daftari lipo."

Nikaona ni jambo la maana. Magreth alikaa wiki tatu mezani akihamisha ng'ombe mia nne na kumi na mbili kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye hilo kabati. Alipomaliza, madaftari yakabaki yamerundikwa stoo, na mimi, kwa akili zangu, nikawa nayatumia kuwashia moto. Alipogundua aliniangalia tu, na bado naona aibu nikikumbuka.

Mwaka uliofuata Rukaiya alirudi, akabadilisha maelezo. Akasema sasa si kabati tena, ni kibarua. Kweli, simu ilianza kumkumbusha Magreth kwamba ng'ombe wa mahali fulani anakaribia kuzaa, na akitaka kumpandisha mtamba kwa mbegu ya baba yake mwenyewe, inakataa. Hesabu zote zinafanywa huko huko mbali, na ushirika unalipia kiasi unachotumia, kama sisi tunavyonunua umeme wa luku. Nikasema haya, hata kibarua tumepata.

Halafu mwaka juzi ikaja semina Moshi mjini, na Magreth akanichukua ili nimsaidie kuandika. Huko tukaambiwa kabati na kibarua ni mambo ya zamani. Thamani yenyewe, wakasema, ni kwamba watu wasiojuana wanaweza kutegemea maandishi yale yale. Mwenye bima ya mifugo, mwenye kiwanda cha maziwa, mnunuzi wa mtamba kutoka Holili, kila mmoja anaingiza namba ya hereni na kumwona ng'ombe, mama yake, afya yake na mmiliki wake.

"Yaani shahidi," nikasema kwa sauti.

"Hapo hapo, mwalimu!" Rukaiya akafurahi. "Shahidi."

Nilivimba kichwa safari nzima ya kurudi nyumbani. Tatizo ni kwamba nilikuwa najua tayari kuwa shahidi huyo anasema uongo.

Nieleze desturi yetu moja. Mchagga mwenye ng'ombe wawili si lazima awe nao bandani kwake. Mmoja anaweza kuwa kwa rafiki, kijiji cha pili. Rafiki anamlisha, anakunywa maziwa, anapata mbolea ya migomba yake, ndama wanagawana. Lakini ng'ombe ni wa aliyemweka, hata ikipita miaka thelathini, hata akibaki mjukuu wa ng'ombe yule wa kwanza. Na jambo hili halitangazwi. Wengine wanawaficha watoto wao, wengine ndugu zao, na wengine, basi tuliache kwanza.

Kwenye simu ya Magreth palikuwa na nafasi moja tu iliyoandikwa "Mmiliki". Yeye akaandika jina la mwenye banda, kwa sababu ndivyo daftari lake lilivyopangwa. Vile vijineno vya penseli vilivyosema huyu ni wa fulani havikuwa na pa kwenda. Naamini hakulifikiria. Lilikuwa kabati, na kabatini hakuna ubaya.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, akafariki mzee Yakobo wa kitongoji cha juu. Siku ya nne baada ya maziko ukoo ulikaa, kama kawaida, kuangalia marehemu ameacha nini, na majirani tukaitwa. Tulikaa kwenye viti vya kukodi chini ya migomba, bandani ng'ombe mmoja mzuri sana akitafuna, mweusi mwenye baka jeupe.

Bibi Dominika, mjane wa miaka themanini na kitu, alisimama na fimbo yake akasema taratibu kwamba ng'ombe yule ni wake. Marehemu mume wake, rafiki wa Yakobo, ndiye aliyemleta hapa ng'ombe aliyemzaa mama wa huyu. Hakuna shahidi aliye hai, alisema, lakini Yakobo alijua.

Godlove, mtoto mkubwa wa Yakobo, si mtu mbaya. Amekua anamkatia ng'ombe huyo majani. Akatoa simu, akaingiza namba ya hereni, akampa mwenyekiti wa ushirika, Eliudi, asome. Eliudi akasoma kwa sauti: "Mmiliki, Yakobo."

"Basi, bibi," Godlove akasema kwa upole. "Hiyo ni ya ushirika, hata bima wanaitumia. Na aliyeandika yuko hapa. Mama Stella, si umeandika wewe?"

Watu wote wakamgeukia mke wangu. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake.

"Nimeandika mimi," Magreth akasema. Akasimama. "Na nimekosea."

Eliudi ndiye aliyeanza, na alikuwa amebadilika rangi. "Mama Stella, angalia unachosema. Tuna ng'ombe mia nne mle. Kama huyu umekosea, na wengine je?"

"Na wengine nimekosea. Sijui ni wangapi. Niliandika mwenye banda badala ya mwenye ng'ombe. Daftari langu la zamani lilisema huyu ni wa Bibi Dominika, nakumbuka ukurasa wenyewe, lakini daftari halipo tena. Kwa hiyo mna neno langu tu. Na mnaona lilivyo, kwa sababu hata hilo la kwenye simu ni langu."

Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema kwamba nililiona kosa lile mwezi wa kwanza kabisa wa kutumia simu, nikanyamaza. Nilikaa kitini nikaangalia viatu vyangu.

Aliyemwokoa ni Godlove. Alikuna kichwa, kisha akasema, "Baba alikuwa kila ng'ombe huyu akizaa anapeleka kibuyu cha maziwa kwa bibi. Nilidhani ni heshima tu." Akakubali kwamba ng'ombe ni wa bibi. Bibi Dominika naye akasema ng'ombe asihamishwe, abaki pale pale na Godlove amlishe kama baba yake. Wakapeana mikono.

Kwa Magreth mambo hayakuisha hapo. Kijijini maneno yalianza siku ile ile. Kumbe mama naye anaandika anavyojisikia. Watu wawili walimpigia simu mhimilishaji wa kata ya jirani. Nilimkuta Magreth ameketi juu ya ndoo karibu na pikipiki, mtungi umejaa, hana pa kwenda. Sijawahi kumwona amekaa bure saa nne asubuhi.

Akanyanyuka, akampigia Rukaiya, wakaongea karibu saa nzima. Baada ya wiki kwenye simu kukawa na nafasi tatu badala ya moja: anayemfuga, mwenye ng'ombe, na ya tatu, nani aruhusiwe kuona. Rukaiya alikuja mwenyewe kuonyesha. Nilimuuliza, sasa ni nini tena, maana kabati tumeliacha, kibarua tumemwacha, shahidi katuangusha.

"Mwalimu, hata sisi tunajifunza," akasema. "Tulidhani kazi ni kila mtu aone kila kitu. Sasa wateja wote wanauliza mambo mawili: nani anaona, na kosa likitokea nani anaweza kulirekebisha. Huko ndiko biashara yote inakohamia."

Magreth akakata kauli. Atapita banda kwa banda, ng'ombe wote mia nne na kumi na mbili, aulize swali moja: ng'ombe huyu ni wa nani?

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na sasa lazima niseme kile nilichokiacha. Kule bondeni, ng'ambo ya mto, kwa rafiki yangu Elimringi, kuna ng'ombe wa kahawia mwenye hereni. Ni wangu. Nilimweka huko mwaka niliostaafu, miaka sita sasa, na Magreth hakujua. Amempandisha mara nne kwa mkono wake mwenyewe na kumwandika kwa jina la Elimringi. Niliona jina hilo kwenye simu nikamshukuru Mungu. Nyumba yetu inaendeshwa na pikipiki ya mke wangu, na mimi nilitaka kitu kimoja ambacho ni changu. Nilimwonea aibu. Sina maelezo mengine.

Miezi miwili alizunguka. Alikuwa anarudi jioni viatu vimejaa tope, ananihadithia huku anakula mtori wa ndizi. Ng'ombe sabini na tisa walikuwa wamewekwa. Watu walimwambia, tena walimnong'oneza, kwa sababu aliwahakikishia kwamba kwenye ile nafasi ya tatu wanaweza kuweka jina moja au mawili tu. Hakuna hata mmoja aliyekubali watu wote waone. Na simu za kazi zikaanza kurudi, kidogo kidogo. Mtu aliyekiri kosa lake mbele ya ukoo mzima, wakasema, huyu anajulikana alivyo. Mimi nilikuwa nasikiliza, kijiko hakipandi mdomoni.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikuwa nyuma ya nyumba nakata majani ya mabingobingo ya ng'ombe wetu. Akaja na kiti na simu yake, akaketi kivulini.

"Wamebaki watatu, Baba Stella," akasema. "Wewe umefundisha watu wote hapa, nisaidie."

Wa kwanza nilimjua, nikamtajia. Wa pili vilevile.

"Wa tatu ni yule wa kahawia kwa Elimringi. Nimemuuliza mara tatu. Anasema si wake, ila mwenyewe hawezi kumtaja, niendelee kuuliza watu. Nimeuliza bonde zima. Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Ningeweza kusema sijui. Elimringi angekufa na siri hiyo, namfahamu. Niliweka panga chini.

"Ni wangu."

Hakuinua macho. "Tangu lini?"

"Miaka sita."

"Kwa hiyo kosa langu ulikuwa unaliona."

"Nililiona tangu mwezi wa kwanza."

Nilijua ng'ombe wala hakumuuma. Kilichomuuma ni zile siku alizokaa juu ya ndoo. Akapangusa kioo cha simu kwa kanga, akaandika: anayemfuga, Elimringi. Mwenye ng'ombe, akaandika jina langu, majina yote matatu kama kwenye cheti cha ndoa.

"Nani aruhusiwe kuona?" akasoma, kwa sauti ile ile anayowaulizia wengine.

"Andika watu wote."

Akaniangalia. "Watakucheka."

"Wanicheke. Wewe ulisimama kule kwa Yakobo peke yako, Mama Stella, na mimi nilikuwa nimekaa."

Akabonyeza.