Macho Hayapigi Gwaride

Mwezi uliopita, katika kliniki ya macho huku Nakawa ninakompeleka shangazi, nilimwona afande mmoja mstaafu akikataa habari njema.

Alikuja na jirani yake wa Namuwongo, mama wa Kikongo anayeuza vitenge. Wote wana kisukari, mishipa ya damu nyuma ya macho inavuja, na walianza kudungwa sindano za jicho siku moja. Daktari akatazama picha zao.

"Afande, jicho lako limekauka vizuri. Rudi baada ya miezi miwili. La mama bado linavuja, yeye arudi mwezi ujao."

Afande akasimama wima. "Hapana, dokta. Tulianza pamoja, tutamaliza pamoja. Jeshini sindano ni mstari mmoja, siku moja!"

"Macho hayapigi gwaride, afande."

Benchi zima likaanza kunong'ona: "Huyo mzee anajuana na nani?" Ndivyo tulivyo Kampala. Mtu akipewa tofauti na sisi, tunamtafutia shemeji ofisini.

Mama akamvuta mkono wa shati. "Papa, wewe pumzika. Mimi nitakuja tu, mpaka jicho hili lichoke kuvuja."

Juzi mama alirudi. Pembeni yake afande, viatu vinang'aa.

"Leo si zamu yako," nesi akamwambia.

"Najua. Akitoka hapa na bandeji, nani atamvusha reli ya pale kwetu Namuwongo? Jicho langu ndilo limepewa likizo. Mimi bado niko kazini."