Turubai la kibarazani

Leo jirani amekuja kunililia nikiwa hai.

Asubuhi nilifunga turubai juu ya kibaraza. Nimelishona mwenyewe, wiki nzima, ili mke wangu asichomwe na jua anapochambua maharage.

Nilisahau kwamba hapa Ngarenaro turubai mbele ya nyumba ni msiba.

Mama Neema akaingia analia, akanikuta nakaza kamba.

"Mwalimu! Shikamoo! Sasa nani amefariki?"

Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. "Huyu mzee atatuletea matanga bure!"

Mimi sikucheka. Mama Neema alipoondoka nikakiri nilichomficha mke wangu tangu Pasaka: daktari alisema dawa hazinisaidii tena.

Mke wangu akalitazama turubai juu.

"Kumbe kivuli hiki ni cha kukaa peke yangu?"

Nikaendelea kukaza kamba. Ninyi mngesema nini?