Mfuko wa Manyoya Uliofika Ukweni

Nianze kwa kukiri, maana bwana mwenyewe alisharudi kwao zamani na mizani ile imeliwa na kutu. Ule mfuko wa kulalia niliuchagua mimi, na niliuchagua kwa hila.

Miaka hiyo ya thelathini nilikuwa karani wa mizani katika shamba la majani chai upande wa Kericho. Kazi yangu ilikuwa kuninginiza vikapu vya wachumaji kwenye ndoano, kusoma mshale, kisha kupunguza uzito wa maji, kwa kuwa majani yaliyochumwa na umande wake hudanganya. Nilijua goti la mtu linavyoweza kusukuma kikapu kutoka chini, na nilijua gunia bichi linavyoweza kugeuka mzigo wa punda. Ujanja huo wote nilikuwa nimewakamata nao wengine. Sikuona sababu ya elimu nzuri hivyo kupotea bure.

Bwana mdogo wa shamba, msaidizi wa meneja, alikuwa na kitanda kizuri cha springi lakini alipenda kulala msituni. Hilo sikulielewa wakati ule na silielewi hata leo. Mwaka huo aliletewa mifuko miwili ya kulalia kutoka kwao. Mmoja aliutaka yeye, na utakaobaki ungekuwa wa rafiki yake. Wa kwanza ulikuwa mnene, umejazwa manyoya ya bata na kutiwa kitambaa cha sufu ndani. Wa pili ulijazwa manyoya mororo ya kifua cha bata bukini peke yake, na ulikunjika ukawa mdogo kama kabichi. Yote miwili ilikuwa na kamba ya kukazia juu, ukiivuta unabaki na pua tu nje.

Safari ilikuwa ya siku nne, kwa miguu, tupite msituni tutokee Kipkelion, yeye apande gari la moshi. Wapagazi watatu wangebeba hema na chakula, mimi ningeandika majina ya mito na miti.

"Kila mtu nabeba kitanda yake," bwana alitangaza. "Mimi pia nabeba yangu."

Wapagazi walinitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Sote tulijua kwamba kufika kilima cha pili kitanda cha bwana kingekuwa mgongoni mwa karani, mwenye kalamu sikioni na mikono mitupu.

"Karani, pima hii mbili," akaniambia. "Kama ile nzito haizidi sana, tachukua ile ya joto."

Hapo ndipo shetani aliponikuta nikiwa na nafasi. Alfajiri ya siku ya kupima nilitoa mfuko mnene nje ili upate hewa, nikausahau kwenye nyasi zenye umande mpaka jua lilipotoka. Ule mwembamba nilipouninginiza, goti langu lilikuwa karibu nao kuliko ilivyohitajika. Bwana aliusoma mshale mara mbili, akapiga mluzi.

Mpagazi mkubwa, Mkipsigis aliyewahi kuchunga ng'ombe ndani ya msitu ule, aliubonyeza mfuko mwembamba kwa vidole.

"Hii ni nyepesi," alisema. "Lakini huko juu iko mvua. Hii manyoya haitaweza maji."

"Bata si anakaa kwa maji?" nikamwuliza.

"Anakaa akiwa hai."

Wenzake walicheka, nami nikaandika kwenye daftari kwamba mfuko mwembamba umefaulu.

Nilikuwa pia na shughuli yangu binafsi. Kipkelion ndiko alikokaa msichana niliyetaka kumwoa. Baba yake alikuwa nyapara wa genge la reli, mtu wa nyanda za magharibi kama mimi, na alikuwa amekwisha kunikubali. Aliyekataa ni mama. Aliwahi kukaa mwaka mmoja kwenye laini, zile safu za vibanda vya wafanyakazi wa majani chai, akatoka huko na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Alituma neno kupitia binti yake kwamba mtoto wake hatapelekwa kwenye baridi ile akalale juu ya mkeka. Mimi mwenyewe nisingeweza kumbembeleza. Kwa desturi yetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, na ukristo wetu wote haukuligusa jambo hilo. Akisikia sauti yangu njiani, aliingia migombani. Basi nilinunua blanketi jekundu, zito, jipya kabisa, nikalifunga kwenye mzigo wangu ili nimpelekee. Nilitaka aone kwamba kwangu binti yake hatatetemeka.

Tuliondoka. Kufika kilima cha pili, kitanda cha bwana kilikuwa mgongoni mwangu, chepesi kama nilivyokipanga, nikawa napanda nikipiga mluzi. Siku mbili nilijiona mwerevu kuliko shamba zima. Usiku wa pili mvua ilinyesha juu ya mianzi mpaka hema likashindwa. Asubuhi tulimkuta bwana amechuchumaa karibu na moto, midomo imebadilika rangi. Mfuko ulikuwa umelala pembeni, manyoya yote yamegandana madonge kwenye pembe, na katikati hamna kitu ila kitambaa.

"Karani," alisema polepole, "nani pima hii?"

"Mimi, bwana."

Akautazama mzigo wangu, akaona wekundu wa blanketi. Usiku uliofuata yeye alilala ndani ya blanketi la mama mkwe, na mimi nikalala ndani ya uchaguzi wangu. Nilitetemeka hadi meno yakauma. Pale stesheni Kipkelion alipanda gari la moshi amejifunika blanketi lile mabegani, akaniambia mfuko ni wangu, hataki kuuona tena maishani.

Nilifika ukweni nikiwa na kitu kilichonuka kuku aliyelowa. Nilijisikia vibaya sana. Baba yake msichana alinipokea vizuri hata hivyo, akaniruhusu kuuanika kwenye nyasi. Jua lilikuwa kali siku hiyo, na kila nikiupiga kwa mikono manyoya yalifumuka, mpaka mchana mfuko ukavimba vizuri ajabu. Nikamweleza mzee jinsi ulivyo mwepesi, na jinsi Wazungu wanavyoingia ndani na kuvuta kamba. Kisha tukateremka mtoni kuoga.

Manyunyu yaliturudisha mapema. Ndani ya nyumba mfuko ulikuwa umekwisha kuingizwa na kulazwa juu ya ngozi karibu na ukuta, kamba imekazwa kabisa. Msichana alisimama kwenye mlango wa nyuma na kibuyu cha uji mkononi, macho yamemtoka. Hakunisalimu. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akautazama tena.

Nami nikauona ukipumua.

Nilielewa mara moja. Mama alikuwa amekuja kuutoa kwenye mvua, hamu ikamshinda, akaingia kujaribu. Alipotusikia mlangoni hakuwa na muda wa kutoka akakimbia, akavuta kamba.

"Kumbe imejaa hivi!" alisema mzee, ambaye macho yake yalikwisha kuchoka na moshi wa reli. "Na ulisema ni nyepesi. Hebu inua nione."

Kama ningeuinua, au kufungua ile kamba, aibu ingekuwa ya nyumba nzima. Ningelipa mbuzi wa kusafisha macho kwa kumwona mkwe, na mama asingeweza kunisamehe hata kama angetaka.

"Mzee, hii kitu ikishakauka haiguswi," nilisema. "Lazima ipoe kwanza. Ukiigusa ikiwa moto, manyoya inakatika."

"Inakatika?"

"Kabisa."

Akakaa kwenye kigoda, akilitafakari jambo hilo. Ndipo kikohozi kilipotoka ndani ya mfuko, kidogo, kimezibwa na mkono. Nikakohoa juu yake haraka. Kikaja kingine, nami nikakohoa kwa nguvu zaidi, nimejishika kifua.

Mzee aliniangalia kwa huzuni. "Na wewe? Hiyo baridi ya majani chai imekushika?"

Hapo nilikwama. Nikisema hapana, angeuliza nani basi aliyekohoa. Nikisema ndiyo, nimethibitisha kwa kinywa changu kila neno alilolisema mkewe juu ya laini zetu. Nilimtazama msichana wangu. Nilimpenda, na niliona waziwazi kwamba nilikuwa karibu kumpoteza kwa sababu ya manyoya ya bata.

"Imenishika, Mzee," nilisema. "Tangu mwaka jana."

"Basi mama yao alisema kweli."

"Alisema kweli."

Nikaendelea kukohoa, kwa kuwa mfuko nao uliendelea. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya mchezo. Mara moja tu nilichelewa, nikivuta pumzi, na kikohozi cha mfukoni kikatoka peke yake, wazi, katikati ya chumba. Mzee aligeuza kichwa. Alikuwa amelala karibu na kikohozi kile miaka mingi. Aliutazama mfuko kwa muda mrefu, masharubu yakamchezacheza, kisha akachukua kofia yake.

"Twende nikuonyeshe ng'ombe," alisema.

Nilikuwa nimekwisha kumwona ng'ombe huyo tulipokuwa tukianika, lakini nilikwenda nikamtazama upya, kichwa mpaka mkia, nikamsifu kwato zake. Tuliporudi mfuko ulikuwa tupu. Nilipoweka mkono juu yake ulikuwa bado na joto.

Jioni niliaga bila kuuliza lolote. Mbele ya mzee nilikuwa nimejitangaza mgonjwa, na sikuona njia ya kujiponya. Msichana alinisindikiza hadi kwenye reli, na njia nzima alijizuia kucheka. Tulipofika alisimama, akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule.

"Nimetumwa neno," alisema. "Mama anasema tangu azaliwe hajasikia mtu akikohoa vibaya hivyo. Anasema ulete ng'ombe."